Goma–Masisi: Walipanda milima wakikimbia volkano, kisha wakaipanda kutafuta fromaji

Mwaka 2021, siku za Posho, wakaaji wa mji wa Goma walianza tena kutembelea ferme za Masisi ili kununua maziwa, fromaji na birayi mikononi mwa wale wanaovizalisha. Tulisafiri nao hadi upande wa Mushaki.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, barabara ya Goma–Sake ilijaa watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Mlima Nyiragongo ulikuwa umelipuka Posho jioni, tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa kata kadhaa wauhame mji. Wengi walielekea Sake. Walilala makanisani, shuleni na kwenye baraza za nyumba za watu wasiowajua.

Kati yao alikuwamo mama mmoja wa kata ya Ndosho, muuzaji wa ndizi na mafuta ya mawese, pamoja na watoto wake wanne. Sake ilipojaa, walipanda milima kwa mguu hadi kwenye ferme moja ya ng'ombe. Mchungaji wa pale na mke wake waliwapa kibanda cha kulala na maziwa kila asubuhi, kwa siku sita. Mama huyo hakulipa chochote, kwa sababu hakuwa na chochote.

Posho moja ya mwezi wa saba mama huyo alikuwa ndani ya gari letu. Magotini alikumbatia kikapu chenye sabuni, chumvi na kitenge kipya. Alikuwa anarudi kwenye ferme ileile, safari hii kama mnunuzi.

Mji usio na pa kulima

Tuliondoka Goma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu sita ndani ya jeep ya kukodi, kila mmoja na bidoni tupu na vikapu vyake. Baada ya Ndosho na Mugunga, pande zote mbili za barabara ni mawe meusi ya volkano. Watu wameyapanga kuwa kuta, wameyajengea nyumba, wamepanda maharagi katika kila ufa wenye udongo kidogo. Lakini mawe hayalishi mji wenye watu wengi namna hii. Chakula cha Goma kinatoka mbali: Masisi, Rutshuru, na ng'ambo ya Minova kwenye wilaya ya Kalehe.

Jambo hilo kila mtu analijua, lakini volkano ilitufanya tulione kwa macho. Lava ilipokata barabara ya Rutshuru, bei sokoni zilipanda, na wengi wakatambua kwamba sahani ya Goma inategemea barabara chache tu. Moja wapo ni hii tunayopita.

Chukudu zilitukuta zikishuka. Vijana wawili wawili, mguu mmoja juu ya ubao na mwingine ukipiga breki ya kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma, magunia ya birayi na makala yakiwa yamefungwa kwa kamba za mpira. Chombo hicho cha mbao ndicho kilichojengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji wetu. Wengi tunaipita sanamu hiyo kila siku bila kukumbuka kinachobebwa na chukudu za kweli.

Sake iko kilometa zipatazo 25 kutoka Goma. Hapo barabara inagawanyika: moja inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, nyingine inapanda Masisi. Tulichukua ya kupanda. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo hatukukuta matope, lakini vumbi lilitufunika hadi nyusi. Dereva alitueleza kwamba mwezi wa nne, wakati wa mvua kubwa, kipande hicho kinaweza kula nusu siku nzima, na lori moja likikwama, yote yaliyo nyuma yanalala pale na mizigo yake. Kadiri tulivyopanda, ziwa Kivu lilibaki chini kama kipande cha kioo, hewa ikawa baridi, na mawe meusi yakapotea. Mbele yetu kukawa na majani tu, vilima baada ya vilima, na ng'ombe wakionekana wadogo kama maharagi yaliyomwagika.

Langoni: nawa mikono, safisha viatu

Ferme tuliyotembelea haina ubao wa jina barabarani, na msimamizi wake aliomba tusiitaje jina. Sababu yake ni ya wazi: anayetangaza kwamba anauza, anatangaza pia kwamba ana feza. Wateja wanaifahamu kwa kuambiana.

Langoni tulikuta ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na gunia lililoloweshwa dawa. Kila mgeni alinawa mikono, akavaa barakoa, kisha akakanyaga gunia hilo kwa viatu vyote viwili. Kunawa kwa ajili ya magonjwa ya watu tulikuzoea tangu Ebola na Korona. Gunia ni kwa ajili ya ng'ombe. Mchungaji alieleza kwamba mtu anaweza kutoka ferme moja na kupeleka ugonjwa wa miguu na midomo kwenye ferme nyingine kwa udongo ulioganda chini ya kiatu.

Mama wa Ndosho hakusubiri maelezo. Alikuwa amemwona mke wa mchungaji karibu na jiko, akamkimbilia. Walikumbatiana muda mrefu. Watoto wanaulizwa mmoja mmoja kwa majina, na yule mdogo aliyekuwa na homa siku zile anaulizwa mara mbili.

Sisi wengine tulipelekwa zizini. Ng'ombe ni wa aina mbalimbali. Wapo wenye pembe ndefu za Ankole, wapo wenye madoa meusi na meupe ya Frisonne, na wapo wengi waliochanganyika damu. Wale wa pembe ndefu wanavumilia njaa, kupe na kutembea mbali, lakini maziwa yao ni machache. Wale wenye damu ya Ulaya wanatoa maziwa mengi zaidi, lakini wanadai majani mazuri, maji na daktari wa mifugo. Katika kiangazi majani yanapungua, na maziwa yanapungua pamoja nayo. Ndama anaachwa anyonye kidogo kwanza, kisha anafungwa pembeni, mama yake anakamuliwa, na mwishoni ndama anarudishwa kumalizia. Watoto wawili wa mjini tuliokuwa nao, ambao maziwa wanayajua kwa kopo na unga, walitazama wakiwa wameshika mdomo.

Maziwa yanageuka duara

Kazi ya fromaji inafanyika katika nyumba ya mbao yenye paa la mabati, hatua chache kutoka zizini. Hakuna umeme wala friji. Kuna kuni, sufuria kubwa, vitambaa vyeupe vinavyochemshwa kila siku, na muzee mmoja aliyejifunza kazi hii tangu ujana wake.

Maziwa ya asubuhi yanachujwa kwa kitambaa, yanatiwa sufuriani na kupashwa moto taratibu. Hayachemki. Muzee anatumbukiza kiwiko chake kilichonawishwa: yakiwa na joto kama la mwili wa mtu, yanatosha. Hapo anatia dawa ya kugandisha, kiasi kidogo sana kwa sufuria nzima, anakoroga, anafunika, na kila mtu anaambiwa asiguse wala kutikisa meza.

Baada ya muda usiofika saa moja, sufuria nzima imekuwa kitu kimoja cheupe kinachotetemeka. Anakikata kwa kisu kirefu, kwanza urefu, kisha upana, hadi vipande viwe vidogo kama punje za mahindi. Maji ya rangi ya kijani-njano yanajitenga. Maji hayo hayatupwi, ni chakula cha nguruwe na mbwa wa ferme. Vipande vyeupe vinakusanywa katika vyombo vya mviringo vilivyotandikwa kitambaa, vinafunikwa, na jiwe zito linawekwa juu. Kesho yake duara linatolewa, linalazwa katika maji ya chumvi, kisha linapanda kwenye mbao za stoo.

Stoo ndiyo sehemu iliyotunyamazisha. Fromaji zimepangwa safu kwa safu hadi darini, za jana zikiwa nyeupe na laini, za wiki tatu zikiwa njano na ngumu. Harufu yake kali unaibeba kwenye nguo hadi nyumbani. Muzee anazigeuza zote kila siku, upande wa chini kuja juu, na kuzipangusa kwa kitambaa chenye chumvi ili ukungu usizishinde. Akisahau siku mbili, alisema, duara linaegemea upande mmoja na mteja anadhani limeoza.

Kwa nini taabu yote hiyo, badala ya kuuza maziwa tu? Jibu liko barabarani. Maziwa yanayokaa saa nyingi juu ya pikipiki, katika bidoni ya plastiki, chini ya jua, yanafika Goma yakiwa yameharibika. Fromaji inavumilia. Inavumilia barabara mbovu, inavumilia wiki kadhaa bila friji, na inavumilia hata ndege, kwa sababu wakati huo fromaji ya Goma iliuzwa hadi Kinshasa.

Hesabu lita kabla ya kulalamikia bei

Wageni wa mjini hufika na wazo moja: kwenye ferme kila kitu lazima kiwe cha bure au karibu na bure. Mmoja wa wasafiri wetu alianza kubishana juu ya bei ya duara moja. Muzee hakukasirika. Alimshika mkono, akamrudisha kwenye sufuria, akamwomba ahesabu.

Fromaji ngumu ya namna hii inakula lita zipatazo 10 za maziwa kwa kilo moja. Duara la kilo mbili ni lita 20. Ng'ombe wa kienyeji anatoa lita chache tu kwa siku, na ndama wake lazima ale. Kwa hiyo duara moja ni maziwa ya asubuhi ya ng'ombe kadhaa. Ongeza kuni, chumvi, dawa ya kugandisha inayonunuliwa mbali, dawa ya kupe, mshahara wa wachungaji wanaolala nje na ng'ombe usiku, na wiki tatu za kungoja bila kupata hata franga moja. Msafiri wetu alilipa.

Hata hivyo kununua pale kunamfaa mnunuzi. Duara linalouzwa katikati ya Goma limepita mikononi mwa mnunuzi wa kwanza, mwenye pikipiki, mwenye depo na muuzaji wa rejareja, na kila mkono umeongeza chake. Langoni, tofauti hiyo inagawanywa kati ya ferme na mnunuzi. Tena mnunuzi ameona zizi, ameona vitambaa, anajua anachokula. Wakati fulani mjini utauziwa maziwa yaliyoongezwa maji, na hutajua umlaumu nani. Hapa, aliyeyakamua yuko mbele yako.

Malisho haya yana historia

Wazee wa Masisi wanapoulizwa fromaji ilitoka wapi, wengi wanawataja mapadri kutoka Ubelgiji waliowafundisha wafugaji kazi hii. Ferme zenyewe ni za zamani zaidi. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa za milima hii zilitolewa kwa walowezi. Mwaka 1973 mambo mawili yalibadilisha umiliki: sheria mpya ya ardhi ya mwezi wa saba ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali, na mwezi wa kumi na moja Rais Mobutu alitangaza uzairishaji, ambao uliwapa Wazairi mashamba na biashara za wageni. Wengi waliopata ni wale waliokuwa karibu na utawala.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1993 Masisi iliwaka moto, mwaka 1996 na 1998 vita vya nchi nzima vikafuata. Ng'ombe waliporwa, walichinjwa, walisukumwa hadi ng'ambo ya mpaka. Kuna malisho yaliyobaki miaka bila ng'ombe hata mmoja. Mifugo tuliyoiona ilinunuliwa upya, kidogo kidogo, na watu waliokubali kubahatisha kwamba safari hii amani itadumu. Hadi leo makundi yenye silaha hayajaisha katika wilaya hii, na mkoa mzima uliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021.

Ni vizuri mgeni anayepiga picha za majani mabichi ajue pia hili: uzuri wa malisho una upande wa pili. Ferme moja inaweza kuchukua vilima kadhaa, huku familia zinazoishi kando yake zikilima vipande vidogo kwenye miteremko mikali. Wengine hawana hata hicho kipande. Wanapewa mahali pa kulima ndani ya ferme, na wanalipa kwa siku za kazi, utaratibu ambao watu wanauita salongo. Mtu akifukuzwa kwenye kipande hicho, anapoteza chakula cha mwaka mzima. Migogoro mingi ya Masisi, hata ile inayovaa sura ya makabila, ukiichimba unakuta udongo chini yake.

Akina mama wa langoni

Ndiyo maana kilichonivutia zaidi siku hiyo kilikuwa nje ya lango. Akina mama wa kijiji cha jirani, karibu kumi na watano, walikuwa wametandaza mifuko chini: birayi, karoti, shu, maharagi mabichi, maracuja, mayai ya kuku wa kienyeji. Msimamizi alikiri kwamba zamani walifukuzwa, kwa hofu ya wizi na ya kuzuia njia ya magari. Sasa Posho wanaruhusiwa kukaa hadi wageni waondoke.

Ferme haipotezi kitu kwa hilo. Mgeni aliyefuata fromaji anaondoka pia na ndoo ya birayi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alieleza kwamba siku za kawaida mnunuzi wa jumla anafika na lori, anataja bei yake, na gunia lake ni gunia lililoongezwa kichwa hadi linafungwa kwa majani. Mama akikataa, birayi vinabaki, na birayi havingoji. Siku ya Posho anauza kwa ndoo, kwa bei aliyoitaja yeye, na anarudi nyumbani na ada ya shule mkononi.

Lakini hapa nilishuhudia pia aibu yetu watu wa mjini. Mtu aliyelipa fromaji tatu bila kupepesa macho alibishana dakika kumi na mama huyo juu ya franga mia tano za karoti. Kama ziara hizi zitageuka kuwa njia nyingine ya kuwakandamiza walio wadogo, hazina faida. Anayetaka bei ya chini ameipata tayari kwa kufika langoni.

Gharama ambayo haiandikwi

Kuna mtu mwingine anayekula kwenye kila duara la fromaji, na hajawahi kukamua ng'ombe. Tulipanda bila kusumbuliwa sana. Tulipokuwa tunashuka na vikapu vimejaa, tulisimamishwa mara tatu kwa kamba iliyovutwa barabarani. Wengine waliotusimamisha walikuwa na sare, wengine hawakuwa nayo. Mahali pa kwanza dereva alitoa franga na kupita. Mahali pa pili aliomba risiti, akachekwa. Mahali pa tatu kijana aliyeshika kamba aliinama ndani ya gari, akanusa, akasema anataka fromaji moja. Tulibishana, tukalipa feza, kamba ikashuka.

Sisi tulikuwa wageni wa siku moja. Mwenye pikipiki anayeshusha fromaji kila wiki analipa kila wiki, na mwenye chukudu analipa pia. Feza hiyo haiingii hazina ya Serikali, haitengenezi barabara, lakini inarudi kwenye bei ya soko la Virunga na kwenye sahani ya mtoto wa Goma. Mashirika ya raia yamepiga kelele juu ya bariyeri hizi miaka mingi. Mkulima na mnunuzi wanaweza kuelewana langoni vizuri kabisa. Kilometa 40 zilizo kati ya lango na jiko hawana mamlaka juu yake. Hiyo ni kazi ya wale wanaotawala.

Ukitaka kwenda

Uliza habari za barabara jioni ya kuamkia safari, kwa madereva wanaoipita kila siku. Wakisema ngoja, ngoja. Ondoka asubuhi na mapema, na saa tisa alasiri uwe umeshaanza kushuka. Usipige picha za askari wala za bariyeri, na mkulima umwombe ruhusa kwanza kabla ya kumpiga picha.

Beba bidoni safi zenye vifuniko, sweta, na feza za aina mbili: franga ndogondogo kwa akina mama wa langoni, na dola zisizo na chozi kwa ferme, maana noti iliyochanika itakurudia. Piga simu siku mbili kabla, kwa kuwa fromaji zilizokomaa huwa zimeahidiwa watu.

Maziwa uliyonunua, chemsha hadi yapande kabla ya kumpa mtu yeyote, hata kama umeona ng'ombe mwenyewe na amependeza. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima akiwa na ugonjwa wa kutupa mimba au kifua kikuu, na magonjwa hayo yanaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi. Kwa sababu hiyohiyo, mama mjamzito afadhali aache fromaji iliyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa.

Unapochagua duara, tafuta ganda kavu lisilo na ufa, na lisilovimba katikati. Nyumbani usilifunge ndani ya mfuko wa plastiki, litatoka jasho na kuoza. Lifunge kwa kitambaa kikavu, liweke mahali penye baridi na hewa. Ukungu ukitokea juu ya ganda, upanguse kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Ndivyo muzee anavyofanya.

Deni la maziwa

Kabla ya kuondoka, kulikuwa na ugomvi mmoja ambao hakuna aliyetaka kuuamua. Mama wa Ndosho alichagua fromaji mbili na kutoa feza. Mke wa mchungaji akazikataa. Mama akasema safari hii amekuja kununua, na kwamba mtu hawezi kuwa mgeni siku zote. Mwenzake akajibu kwamba hakumpa maziwa mwezi wa tano ili aje kulipwa mwezi wa saba. Walivutana hivyo mbele ya gari hadi dereva akapiga honi.

Mwishowe waliachana hivi: fromaji zililipwa kwa bei ya langoni, kitenge na sabuni vilipokelewa kama zawadi, na bidoni ya lita tano ya maziwa iliingizwa garini kama matabishi, bila mjadala.

Tulipofika Sake jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mama aliishika bidoni katikati ya miguu yake ili isimwagike, kamba ya tatu ilipovutwa akaifunika kwa kanga. Alinieleza mpango wake. Posho ijayo atapanda tena, achukue duara nne, auze vipande vidogovidogo kando ya ndizi zake pale Ndosho, kwa watu wasioweza kununua duara zima. Mke wa mchungaji amekubali kumwekea. Kilichobaki, alisema, ni barabara tu. Kisha akahesabu vidole: mlima unyamaze, bunduki zinyamaze, mvua zisiwahi.

Jioni ile, nyumbani kwake, maziwa yalichemshwa kwenye mbabula hadi yakapanda mara mbili. Watoto wanne walikuwa wamekaa tayari, kila mmoja na kikombe chake.